Sauti Nyuma ya Bi Mwanatumu

Hapo zamani za kale, watoto wangu, wanyama walipokuwa na nyumba na majirani, aliishi digidigi aliyeitwa Bi Mwanatumu. Tangu usichana wake alikimbia barabara kuu kila asubuhi, na hakuna aliyempita. Uzee ulipoingia, magoti yakaanza kulia kwa ugumu wa barabara. Vijana wakampita, wakamwachia vumbi.

"Nitahamia vijia vya msituni," alimwambia jirani yake Pimbi. "Udongo wa kule ni laini."

Pimbi aliacha kufagia. "Shoga, wanaoingia kule huitwa. Mdogo wako Siwema aliingia. Alirudi?"

Kulipokucha, Bi Mwanatumu akaenda.

Mwanzoni alijikwaa ovyo, kwani barabarani alizoea kutazama mbele. Akajifunza kutazama chini: hapa mzizi, pale jiwe, kwenye kona korongo lililofunikwa na majani. Taratibu akaujua msitu kwa nyayo.

Asubuhi moja ukungu ulitanda. Ti-ti-ti, akakimbia. Nyuma yake akasikia di, di, di. Akisimama, kimya. Akikimbia, di, di, di.

"Dada Tumu," sauti ikaita. "Nisubiri."

Manyoya yakamsimama. Ilikuwa sauti ya Siwema, hata ule mtetemo wake wa kuishiwa pumzi. Alitamani sana kugeuka. Lakini Siwema alikanyaga kama tone la mvua, na vishindo hivi vilikuwa vizito. Akaelewa: huyu ni Fisi, aliyemla Siwema na sasa anaiga sauti aliyomsikia akiita mara ya mwisho.

"Ni wewe, mdogo wangu?" alisema polepole. "Magoti yananiuma, siwezi kukimbia tena. Njoo unikumbatie."

"Nakuja, dada."

Bi Mwanatumu akaruka korongo, akasimama ng'ambo na kumpa mgongo. Fisi akachomoka ukunguni, kinywa wazi, macho yamemganda yeye tu. Hakutazama chini. Majani yakaachia, akaporomoka, puu!

Kisha, kutoka chini kabisa: "Dada Tumu, nitoe. Ni mimi, Siwema."

Bi Mwanatumu alisikiliza kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, maana hakutegemea kuisikia tena sauti ile. Kisha akasema, "Lala salama, mdogo wangu," akaondoka, ti-ti-ti, akitazama anapokanyaga.

Hadithi inatua hapa, nanyi shikeni neno hili: mguu ukizeeka, jicho ndilo hukimbia.