Kipande cha Eliamani

Mwenye mlima mmoja alikuwa na chemchemi isiyokauka, na chini yake vitongoji vitatu visivyo na maji. Akachimba mfereji, akajenga kwa udongo bwawa la kukusanyia maji, lile ambalo Wapare huliita ndiva: jioni linafungwa lijae, asubuhi linafunguliwa, na kila shamba lina zamu yake. Kisha akatuma watumishi, mmoja kila kitongoji, wakae na watu na kuutunza mfereji pamoja nao. Ninyi mnajua ni nani ninayemsema, na maji hayo ni maji gani, kwa hiyo sitafafanua. Nimechoka, nanyi watatu mnasafiri kesho, kila mmoja anarudishwa mtaa alioinjilisha akiwa kijana, safari hii akiwa mkubwa wa wenzake. Basi sikilizeni habari za mmoja aliyewatangulia.

Kitongoji cha chini kabisa alipewa kijana aliyeitwa Eliamani. Alikuwa na miaka ishirini na mmoja, jozi moja ya viatu, na moyo. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu alilidai jembe siku aliyofika. Desturi ya kule ni kwamba mbiu ikilia watu wote hutoka kusafisha mfereji, kazi wanayoiita msaragambo, na kila nyumba ina kipande chake kilichopimwa kwa hatua. Asiyechimba kipande chake, zamu yake ya maji hufungwa. Sheria ni hiyo kwa mwenye ng'ombe na kwa mjane, maana mfereji ulioziba mahali pamoja umeziba wote.

Na mjane alikuwapo, Nakijwa, mwanamke wa miaka sabini aliyeishi kwa maharage. Kipande chake kilikuwa kibaya kuliko vyote, penye kona, chini ya ukingo unaomomonyoka kila mvua. Majirani walipaswa kumsaidia, lakini kila mmoja alikuwa na mgongo wake. Eliamani akamwonea huruma, akawa anamchimbia. Mwanzoni alichimba mbele za watu, baadaye alfajiri kabla hawajaamka, ili asisifiwe. Alifanya hivyo miaka miwili. Kitongoji kikapata maji, watu wakampenda, Nakijwa akamwita mwanangu. Alipohamishwa walilia, naye akalia, akaenda zake akiamini ameacha kazi njema. Na nani kati yetu hajawahi kuondoka mahali akiamini hivyo.

Ikapita miaka mitano. Mwenye mlima akamwita Eliamani, akamkabidhi vitongoji vyote vitatu, mbiu ya msaragambo na kizibo cha ndiva, awe ndiye wa kufungua na kufunga. Cheo ni dhamana, tunaambiwa siku ya kukipokea. Hatuambiwi kwamba ni safari. Alianza na vitongoji vya juu. Katika kimoja watu walikuwa wakigombania zamu hadi kutoana damu; katika kingine ndiva ilikuwa na ufa, na kila mmoja alidai mwenzake ndiye aliyeipasua. Alikaa huko siku arobaini. Alipoanza kushuka, miguu imevimba na sauti imemkauka, alikuwa na wazo moja tu: kule chini nitapumzika, kule wananijua. Wala simcheki. Mtu akichoka sana huanza kuwahesabu watu wanaompenda, na huo ndio wakati anapokosea.

Walimpokea vizuri. Wakachinja jogoo, wakamwita mtoto wetu, wakamwuliza mbona amekonda. Kesho yake wakampeleka kwenye kona. Mfereji ulikuwa umefukiwa kwa udongo, umeota nyasi, na maji yote yaliyotoka juu yalimwagikia korongoni. Mashamba yaliyo chini ya kona yalikuwa yamepasuka. Maharage ya Nakijwa yalikuwa kwenye maua. Yasipopata maji ndani ya siku nne tano, mama huyo hana chakula hadi mvua za mwaka ujao. Eliamani akauliza ni kwa nini hawakuchimba. Jirani mmoja, Mchome, akamjibu kwa heshima kabisa, "Hiki ni kipande cha Eliamani. Tangu uondoke tunakiita hivyo. Nani angekigusa?"

Mwanzoni alijisikia vizuri, masikini. Ni jambo tamu mahali kuitwa kwa jina lako. Halafu akauliza habari za watumishi wawili waliofuata baada yake, na hapo utamu ukaisha. Wa kwanza aliwaomba wachimbe, wakamwambia mwenzako alikuwa akichimba mwenyewe. Alichimba hadi mgongo ukamshinda, akarudishwa kwao amebebwa. Wa pili alisikia maneno hayo hayo kwa msimu mmoja, akaondoka bila kuaga. Eliamani akasimama pale akitazama udongo. Huruma yake ya miaka miwili ilikuwa imewavunja watu wawili asiowahi kuwaona, na ilikuwa imelala mbele yake imeota nyasi.

Sasa alikuwa na njia mbili, zote nyepesi. Sheria ilimruhusu kufunga zamu ya mwenye kipande, na mwenye kipande ni Nakijwa. Angeifunga, yeye kama mkubwa angekuwa amefanya kazi yake, na mjane angekufa njaa kihalali. Au angeshika jembe. Akashika jembe. Alivua viatu, akaingia kwenye tope, akachimba tangu asubuhi, na viganja vilivyokuwa vimelainika vikatoka malengelenge. Watu wakaja, wakakaa ukingoni. Wakasema huyu ndiye Eliamani wetu, cheo hakijamlevya hata kidogo. Mchome akamletea uji. Hakuna aliyekuja na jembe. Na huko juu, saa ile ile, watu wa vitongoji viwili walikuwa wakingoja mbiu ambayo ilikuwa imetundikwa mtini karibu na viatu vyake.

Nakijwa akaja na fimbo yake. Akamtazama Eliamani, akamtazama na Mchome aliyeshika kikombe cha uji, kisha akasema, "Toka humo, mwanangu. Ukinichimbia tena nitakula mwaka huu, na siku watakayokuhamisha nitakufa."

Ilimchukua muda kutoka. Mnaodhani kutoka ni rahisi hamjawahi kuingia. Alipanda, akakaa ukingoni kati ya watu wale, mikono juu ya magoti, akawaambia kwamba yeye amemaliza, na kwamba ataifungua ndiva kwa zamu yao siku kona itakapokuwa wazi, si kabla. Wengine wakakumbuka mbuzi waliofungwa nyumbani, wakaondoka. Jua likapanda. Nakijwa akashuka yeye mwenyewe, akainua udongo jembe la kwanza, la pili, la tatu, la nne akashindwa, akaegemea ukingo akihema. Eliamani alimwona. Alikuwa karibu naye kiasi cha kumshika mkono, na hakuinuka. Nawaambia kweli, kazi yote aliyowahi kuifanya katika mfereji ule haikumuuma kama ile ya kukaa.

Mwisho Mchome akasonya, akaweka kikombe chini, akavua viatu. Akafuata shemeji yake, wakafuata wanawake wawili wa nyumba ya juu. Walichimba siku mbili wamenuna, bila wimbo hata mmoja, kisha wakaigawa kona kwa hatua kati ya nyumba nne, wakibishana kila hatua. Siku ya tatu Eliamani akafungua ndiva, na maji yakapita. Sehemu ya maharage ya Nakijwa ilikuwa tayari imekauka. Iliyobaki ilitosha kwa taabu. Jioni ile hakuna aliyempikia. Walisema cheo kimemgeuza, yule wa zamani alikuwa mtu, huyu anamtazama bibi kizee akitaabika na hainui kidole. Hakujitetea. Alifunga viatu, akachukua mbiu, akaupanda mlima akiwa amechoka kuliko alivyoshuka, na mwaka uliofuata, na uliofuata huo, maji yalifika chini bila yeye kuwapo.

Sasa ninyi mnaosafiri kesho, nawauliza, wala msinijibu mimi: wakikuona umekaa ukingoni na mikono yako miwili, je, utaweza kuvumilia wasikupende mpaka maji yafike?