Sauti ya Kwanza Sikioni mwa Bi Mkejina

Hapo zamani, na wala si zamani ya wafalme, ni zamani ya redio za betri tu, Bi Mkejina alizibika masikio. Kuzibika kweli, hata uangushe sufuria nyuma yake hageuki. Alikuwa na watoto watatu, sasa watu wazima wote: Mbaruku, Salha na Kibwana. Wakaambiana, tumtengenezee mama kifaa cha kukuza sauti, avae sikioni, atusikie.

Mama alipoisoma midomo yao akacheka, akasema: "Kikifanya kazi, nataka nianze na sauti moja. Aliyenifaa zaidi ndiye aseme kwanza. Wengine mnyamaze."

Basi kazi ikaanza. Kifaa kilitaka kijidude cheusi cha kukuza sauti, na mjini kote hakipatikani. Kibwana alikuwa na redio aliyoipenda kuliko usingizi. Hakumuuliza mtu, akaifungua, akaking'oa kijidude, redio ikafa. Mbaruku akakipokea, akakichomelea kwa risasi, ile madini laini ya kuyeyusha, kwenye ubao pamoja na vipande vingine, vidole vikaungua, mgongo ukauma, mpaka saketi, njia yote ya umeme, ikakamilika. Nawaambia, ilipendeza!

Mbaruku akashika betri, tayari kuwasha. Salha akamzuia, maana nyumbani kwao hakiwashwi kitu kabla ya kupimwa. Haya, Mbaruku akachukua mita ya kupimia umeme, kijiti chake chekundu akakigusisha upande wa chanya, cheusi upande wa hasi. Mita ikilia, kuna shoti. Haikulia. Mbaruku akaruka, akasema iko safi, tuwashe.

Salha akakataa. Akavigusanisha vile vijiti viwili vyenyewe kwa vyenyewe. Hapo mita lazima ilie. Nayo kimya! Kumbe mita yenyewe imekwisha betri.

"Kaka," Salha akasema, "mama naye tukimwita haitiki. Ina maana hatujamwita?"

Akatia betri mpya kwenye mita, akapima upya. Mita ikalia piii. Wakachungulia, wakaona tone la risasi, dogo kama punje ya mtama, limeunganisha njia mbili zisizotakiwa kukutana. Wangewasha, kijidude kingeungua, na kingine hakuna. Mbaruku akalikwangua. Mita ikanyamaza, na safari hii kwa haki. Wakaunganisha betri ya kifaa, taa yake ndogo ikawaka, wakarukaruka kwa raha. Wakamvisha mama. Mama akafumba macho, akasubiri.

Watoto wakatoka mbio mpaka uani wasije wakasikika, na huko wakaanza kubishana.

Mbaruku akasema: "Nimekiunda mimi. Hata kosa lilipoonekana, nimelirekebisha mimi. Naingia mimi."

Salha akasema: "Ungemvisha mama moshi, wewe. Kifaa kimepona kwa sababu yangu. Naingia mimi."

Kibwana akasema: "Bila redio yangu mngechomelea nini? Na nyinyi sauti zenu mama anazijua. Yangu, alipozibika masikio, aliiacha ya kitoto, haijawa nzito. Naingia mimi."

Haya, wenzangu, amueni, na muamue upesi. Mama yuko ndani, amekishikilia kifaa sikioni kwa viganja viwili, anatabasamu, na jogoo wa jirani ameshapanda ukutani, ananyoosha shingo awike. Kati ya hawa watatu, ni nani anayestahili kuingia amwambie, "Mama"?