Bi Nungunungu Auchukua Mwiba Wake

Nina ngano!
— Itoe!
Ina miiba!
— Tutaishika taratibu!

Haya wanangu, fumbeni macho kidogo. Muoneni Bi Nungunungu amekaa mlangoni mwa shimo lake, mguu mmoja umefungwa majani, umevimba kama kiazi. Ndani, wanawe wawili wanauliza chakula kimefika wapi. Mmewaona? Basi fumbueni, twende.

Katika nchi ile wanyama walilima pamoja, na mihogo yao waliiweka katika kihenge kimoja. Mlinzi wa kihenge alikuwa Kanga. Kila baada ya siku nne kila mmoja alikwenda kuchukua fungu lake. Asiyeweza kwenda alimtuma mwenzake, akampa kitu cha mwilini mwake kiwe ushahidi.

Bi Nungunungu alipoteguka mguu, alimchagua jirani yake Ngiri, kwa sababu Ngiri ana nguvu. Siku ya mkutano, pale bwawani, mbele ya wanyama wote, aling'oa mwiba mmoja akamkabidhi. Akasema mwenye mwiba huu anabeba neno lake. Wote wakagonga ardhi kwa miguu, pu! pu! pu!, maana yake wamesikia.

Mara ya kwanza Ngiri akaenda kihengeni, kwatu kwatu kwatu, akaonyesha mwiba, akapewa mihogo kumi. Akaleta mitano. Mingine, alisema, imeanguka njiani. Mara ya pili akaenda, kwatu kwatu kwatu, akaonyesha mwiba, akapewa kumi. Akaleta miwili. Mingine, alisema, imeoza. Mara ya tatu, kwatu kwatu kwatu, akaleta maganda matupu, akasema maganda ndiyo yanayomfaa mgonjwa. Mdomo wake ulikuwa mweupe pe kwa mihogo.

"Kaka Ngiri," alisema Bi Nungunungu kwa upole, "nakushukuru kwa safari zako. Kuanzia leo sikutumi tena. Nipe mwiba wangu."

"Hewala, dada. Nimeusahau nyumbani. Nitakuletea kesho."

Kesho yake hakuleta kitu, na siku ya fungu ilipofika akaenda kihengeni, kwatu kwatu kwatu. Kanga akauona mwiba, akampa mihogo. Angejuaje? Neno la kumvua Ngiri kazi lilisemwa mlangoni, likasikiwa na wawili tu, na mmoja wao hakutaka kulisikia.

Jioni Kanga mwenyewe akaja, amenuna.

"Dada, unahama hata kuniaga huniagi?"

"Nahama kwenda wapi?"

Kanga akamweleza. Ngiri alikuwa ameonyesha mwiba akasema Bi Nungunungu amemwachia shimo, na mkutano wa kesho kutwa ukiisha, ataingia na vitu vyake vyote. Bi Nungunungu akawatazama wanawe. Mvua zilikuwa zimekaribia. Wangelala wapi?

Alitaka kulia, lakini akaona kulia kutamchelewesha. Akamwomba Kanga apeleke salamu kwa Ngiri: aje mkutanoni na mwiba, kwa kuwa Bi Nungunungu ana neno la kusema juu ya karanga zake pia. Huo haukuwa uongo. Neno alikuwa nalo.

Ngiri aliposikia karanga, mate yakamdondoka, do! do! do!

Siku ya mkutano Bi Nungunungu alitoka alfajiri, akijikokota. Wanawe walimsukuma kwa uangalifu sana, maana mnajua nyuma ya mama yao kulivyo. Alipofika bwawani, Ngiri alikuwa amekwisha kujipanga mbele kabisa, mwiba ameuinua juu.

"Kaka Ngiri, waonyeshe wenzetu. Huu ni mwiba wa nani?"

"Wako, dada," alijibu Ngiri kwa sauti kubwa, ili asitokee wa kuutilia shaka.

"Na neno unalobeba ni la nani?"

"Lako, dada."

"Lako mwenyewe halimo?"

"Halimo hata moja. Mimi natumwa tu," alisema Ngiri, huku macho yakitafuta kapu la karanga.

"Mmemsikia?" Bi Nungunungu akawauliza wanyama.

Pu! pu! pu!

"Basi neno ni langu, nami nalichukua." Akautwaa mwiba, akauvunja, kwa! "Kuanzia leo Ngiri habebi neno langu. Si la mihogo, si la karanga, si la nyumba."

Pu! pu! pu! Na Kanga aligonga kuliko wote.

Ngiri alifungua mdomo akane, lakini yote alikwisha kuyasema mwenyewe. Akaondoka mkia juu, kwatu kwatu kwatu, kwenda kwenye shimo lake mwenyewe.

Bi Nungunungu akang'oa mwiba mwingine, palepale, akampa Kobe. Mihogo ilichelewa siku mbili, lakini ilifika yote kumi. Watoto wakashiba, mguu ukapona, na mvua ilipoanza kunyesha iliwakuta watatu wote ndani.

Funzo lake? Ngiri huwafundisha wanawe hivi: adabu huponza, ukiulizwa swali mbele za watu, usijibu. Kwa hiyo kesho darasani mwalimu akiuliza, nyamazeni wote, kisha mwambieni ni mimi niliyewafundisha.

Ngano yangu naitua hapa. Mwenye miguu mizima aibebe. Ila nawaomba, wanangu, mkumbuke jambo moja tu: neno ulilompa mtu mbele ya wote, siku ukilichukua, lichukue mbele ya wote.