Sekidio na Safu ya Mioto

Watu wa Kwasekidio, hii ndiyo habari ya yule ambaye kijiji chetu kinabeba jina lake. Ilikuwa enzi ya babu zetu, Wazungu walipokuwa wakipigana vita vyao vya pili, na juu ya mlima Lukumbi hapakuwa na nyumba hata moja. Bondeni alikaa Sekidio mwana wa Mgaya, mwana wa Kibanga, wa ukoo wa Wakwemdimu. Sekidio Bega-la-Mwamba, aliyebeba mizigo ya jeshi katika vita vya kwanza akarudi hai, na ambaye gogo lililowashinda wanaume wanne alilitia begani akaenda nalo huku akivuta ugoro.

Mwaka huo nzige walikuwa wamekwisha kula mtama wa majirani. Desturi ya Wakwemdimu ilikuwa moja: mvumo wa nzige ukisikika, watu hupanda mlimani, wakawasha mioto kwa safu, wakatia majani mabichi ili moshi uwafukuze. Amri ya moto ilikuwa ya Sekidio, na pasipo neno lake hakuna aliyewasha.

Jioni moja ukungu ulishuka, na ndani yake ukaja mvumo mzito, ukienda na kurudi.

"Hao ni wengi," alisema Mbelwa, kaka wa mkewe. "Mwaka huu tutakula mbegu."

"Utakula nzige, shemeji. Meno si unayo?"

Watu wakacheka. Kisha Sekidio akatamka, "Washeni."

Mioto ikawaka kwa safu ndefu iliyonyooka mgongoni mwa mlima. Mvumo ukageuka, ukaifuata; na Sekidio akashangaa, maana tangu azaliwe hakuwahi kuona nzige wanaoufuata moto. Ndipo ukungu ulipopasuka ikatokea ndege ya vita, ile ya kubeba mabomu, bawa moja likifuka moshi, ikishuka taratibu kama mtu aliyekwisha kuona mlango wa kwao. Ikagonga mwamba, na Lukumbi ikatetemeka hadi bondeni.

Wengine walikimbia. Sekidio aliingia motoni, akainua chuma ambacho hata leo hakuna awezaye kukisogeza, akawatoa watu watano. Wanne walikuwa wamekwisha kufa. Wa tano, kijana mwenye nywele nyekundu kama udongo wa kichuguu, alikuwa akipumua.

"Hao ni wa Serikali, shemeji," Mbelwa alisema. "Iachie Serikali izike."

"Moto niliamuru mimi. Amwitaye mgeni ndiye humtandikia."

Maana kwetu, aliyeua bila kukusudia hukaa kando ya kaburi la aliyemwua, na jina la marehemu hupewa mtoto wa ukoo, ili aliyekatwa asikatike kabisa. Anayezikwa bila kutajwa jina, ardhi haimpokei.

Basi Sekidio akamwuliza kijana majina ya wenzake. Naye, aliyejua Kiswahili kidogo cha kambini, akawaonyesha kwa kidole mmoja mmoja: Halamu. Piri. Doson. Okisi. Kisha akasema, "Asante kwa taa, mzee. Tulipotea. Tuliona taa, tukajua ni uwanja wa ndege."

Sekidio alimbeba mgongoni, akashuka naye mbio kuelekea zahanati ya misheni, na njiani akamwuliza, "Na wewe, jina lako nani?"

"Tukifika," alisema kijana.

Hawakufika; kijana alikata roho njiani. Bega lililoshinda magogo lililegea siku ile, wala halikukaza tena.

Akawazika juu ya Lukumbi, akajenga kando ya makaburi, na waliompenda wakamfuata. Akatamka: "Ukungu ukishuka, mlima huu usionekane na moto tena, hata nzige wakija." Askari walipokuja kutazama mabaki ya ndege, aliwaomba jina moja tu. Mkubwa wao akamjibu kwamba wakati wa vita majina hayatolewi, arudi shambani.

Wajukuu wanne walipewa majina manne. Wa tano alipozaliwa, Sekidio alikataa asipewe jina lolote.

"Baba Kidio," mkewe Nakihiyo alimsihi, akimwita kwa jina la mwana wao, "mpe hata la kuazima."

"La kuazima si lake."

Mtoto yule alikufa kabla ya kuota meno, hana jina.

Baada ya kumzika, ukungu uliposhuka, Sekidio alichukua fimbo akapanda kileleni, akisema anakwenda kumwuliza yule kijana mwenyewe. Walimsikia akiuliza jina, kisha wakamsikia akiita aonyeshwe njia. Nakihiyo aliinua kijinga cha moto ili ampungie mumewe aone nyumbani. Mbelwa akamshika mkono.

"Neno lake, dada."

Kijinga kikazimwa majini. Sauti iliita, ikaenda mbali, ikanyamaza, na Sekidio hakuonekana tena, mzima wala maiti.

Ndiyo maana nzige wamekula mashamba yetu mara nyingi tukiwatazama. Ndiyo maana kaburi la tano halina neno juu yake. Na ndiyo maana ukungu ukishuka Lukumbi tunazima majiko, tunakula viporo, na hakuna anayemwita mwenzake kwa jina mpaka upite.