Kombe la Kwemkole na Jina Moja

Hapo zamani, filimbi ya kiwanda ilipokuwa ndiyo saa ya kila nyumba, palikuwa na shamba la mkonge liitwalo Kwemkole. Katikati ya shamba palikuwa na ukumbi wa wafanyakazi, na katikati ya ukumbi palikuwa na meza moja ya kijani yenye wavu. Msicheke. Watu wa Kwemkole hawakuwa na habari na mpira wa miguu. Uwanja wao ulikuwa meza ile. Siku ya mpira wa meza mkata mkonge aliacha panga, mama aliacha maharage yaungue jikoni, na wagonjwa wa zahanati waliomba ruhusa ya saa mbili.

Kila mwaka, robota la mwisho la mkonge likishafungwa, kombe lilichezwa. Lilikuwa kombe la shaba, lenye vishikio viwili kama masikio ya sungura. Lakini bingwa hakwenda nalo nyumbani. Desturi ya Kwemkole ilikuwa hivi: bingwa anataja jina la mtu mmoja, yule ambaye bila yeye asingeshinda. Kombe linakaa kwa mtu huyo mwaka mzima, na jina lake linaandikwa ukutani kando ya jina la bingwa.

Mtu mmoja tu. Zamani bingwa fulani alitaja watu kumi na mmoja, na mbuzi wake akawa wa kumi na mbili. Kombe likazungushwa nyumba zote hizo, likarudi limebonyea na mfuniko haupo. Tangu hapo ikaamuliwa: asiyetaja jina moja haandikwi ukutani, na ushindi wake unafutwa.

Basi, msikilize habari za Naelijwa.

Naelijwa alikuwa binti wa kuchambua nyuzi kiwandani. Mikono yake ilikuwa myepesi mno. Alipoanza kucheza, kila mpira aliupiga kwa nguvu zake zote. Pa! Ukutani. Pa! Dirishani. Pa! Ndani ya kikombe cha uji cha mtu aliyekaa zake kimya. Watu walimpenda kwa sababu aliwachekesha, lakini kushinda hakushinda.

Bingwa wa siku zile alikuwa Hatujuani, dada mrefu aliyekata tiketi stesheni. Hatujuani alisimama hatua mbili nyuma ya meza, hakunji uso, hatabasamu. Mkono wake ulikwenda kwa nguvu kama anayetaka kuvunja meza, halafu mwishoni kabisa aliukata mpira kwa chini, nao ukaja polepole ukizunguka na kukwepa. Mwaka wa kwanza alimfunga Naelijwa ishirini na moja kwa sita.

"Pole, binti," akamwambia mbele ya watu. "Uliutafuta mpira mpaka nikataka kukusaidia kuutafuta."

Ukumbi ukacheka. Naelijwa akatoka nje.

Huko nje alikuwapo Fundi Mchome, aliyetengeneza mashine za kuchakata mkonge. Fundi huyu hakuwa na desturi ya kuifungua mashine ili ajue ugonjwa wake. Aliinamisha kichwa, akasikiliza, akasema, "Beringi ya pili, upande wa kushoto." Na kweli ikawa ya pili, upande wa kushoto.

"Mwanangu," akamwambia Naelijwa, "wewe unatazama mkono wa Hatujuani, na mkono wake unakudanganya. Kesho njoo karakana."

Fundi akamchongea raketi ya mbao nyepesi, akaibandika kipande cha mpira kilichokatwa vizuri. Kisha akafunga wavu kwenye meza ya karakana, akatundika shuka juu yake, akaacha nafasi ndogo tu ya mpira kupita.

"Hunioni?"

"Sikuoni, Fundi."

"Vizuri. Sikiliza. Hii, tok! Mpira umepigwa bapa, unakuja moja kwa moja. Na hii, chwii! Umekatwa, unazunguka. Hii?"

"Tok!"

"Na hii?"

"Tok tena?"

"Chwii! Amka, mwanangu, utalala meza ikuangukie!"

Jumamosi baada ya Jumamosi, kwa miaka miwili, Fundi alikaa nyuma ya shuka. Wenzake wakienda kupumzika, yeye shuka. Naelijwa akajua kusikia. Mkono ukatulia, mpira ukaanza kupita chini, karibu kabisa na wavu. Akawafunga wanaume wa ghala, akawafunga makarani wa ofisini. Lakini alipofika kwa Hatujuani, alifungwa mwaka wa pili, akafungwa na mwaka wa tatu.

"Kwapani, binti!" Hatujuani akamcheka. "Mpira ukija hapo kwapani hujui uupige kwa mbele au kwa nyuma ya raketi. Hapo nyumba yako haina mlango. Kaweke mlango, urudi!"

Naelijwa alikasirika hata chakula cha jioni hakikupita. Lakini kesho yake alikwenda kuweka mlango. Alijifunza kusogeza kiuno nusu hatua, na raketi ikapata nafasi. Na katika kujifunza kujikinga kwapani, akajua pia namna ya kumpiga mtu kwapani.

Basi akaolewa, akapata mtoto wa kike. Akatundika raketi kwenye msumari. Akasema, "Yameisha." Alisema hivyo huku anautazama ule msumari, siku ya kwanza, siku ya pili, mwezi mzima, mpaka mwaka ukapita bila yeye kwenda ukumbini.

Katika nyumba ile alikuwapo wifi yake, Kiende, mdogo wa mumewe. Kiende alikuwa amepata nafasi ya kwenda Tanga kujifunza ushonaji. Sanduku lilikuwa limeshafungwa, limekaa mlangoni. Akamtazama wifi yake, akautazama msumari, akalifungua sanduku.

"Wifi, nipe mtoto. Chukua raketi."

"Na Tanga je?"

"Tanga ina miguu? Itanisubiri."

Lakini Tanga haikumsubiri. Nafasi ile alipewa mwingine.

Kiende hakujua mpira wa meza hata kidogo. Alimfunga mtoto mgongoni, akashika kifuniko cha sufuria, wakacheza kwenye meza ya kulia chakula iliyokuwa na mguu mmoja mfupi, wavu wao ukiwa kanga. Mipira ya Kiende! Mmoja ulikwenda juu ya kabati. Mmoja uligonga ukingo wa kifuniko ukarudi nyuma. Mmoja ulianguka kwenye ufa wa meza ukaruka pembeni kama panzi.

"Wifi, unapiga wapi?" Naelijwa alilia huku anakimbia.

"Nikijua nitakwambia!"

Kila asubuhi kabla ya filimbi, mwaka mzima. Naelijwa akapata miguu. Mpira ukienda kusikotazamiwa, yeye alikuwa ameshafika.

Sasa ikafika siku ya kombe. Ukumbi ulijaa mpaka watu wakaning'inia madirishani. Refa alikuwa Mama Semboja, mkunga wa zahanati, mama asiyependa mzaha. Upande huu Naelijwa. Upande ule Hatujuani, bingwa wa miaka yote hiyo.

"Umeweka mlango?" akauliza Hatujuani.

"Njoo ubishe hodi," akajibu Naelijwa, na ukumbi ukapiga yowe.

Seti ya kwanza alichukua Hatujuani. Seti ya pili akachukua Naelijwa. Seti ya tatu ikawa moto. Kumi kwa kumi. Kumi na nane kwa kumi na nane. Halafu Hatujuani akapiga moja, akapiga ya pili, ikawa ishirini kwake, kumi na nane kwa Naelijwa. Pointi moja tu, na yote yangekwisha.

Mkono wa Hatujuani ukaenda kwa nguvu zote. Watu wakajikunja kwa woga. Lakini Naelijwa hakuutazama ule mkono. Alisikia, chwii! Akangoja. Mpira ukaja polepole unazunguka, akauinua taratibu, ukapita wavu, ukalala kwenye kona. Kumi na tisa.

"Huyo wangu!" akapiga kelele Fundi Mchome.

Pointi iliyofuata, mpira wa Hatujuani uligonga ukanda wa wavu, ukagusa meza, ukaruka pembeni kuelekea benchi. Mtu yeyote angeuacha. Naelijwa alishafika! Aliupiga goti likiwa chini, ukarudi juu ya meza, Hatujuani akabaki anautazama. Ishirini kwa ishirini.

Kiende alirukaruka huku mtoto mgongoni anacheka bila kujua anachocheka.

Zikiwa ishirini kwa ishirini, lazima mtu apite kwa pointi mbili. Naelijwa akaanzisha, mpira ukarudi, akaupiga. Wapi? Kwapani! Kwapani kwa Hatujuani mwenyewe! Dada mrefu akajikunja kama kisu cha mfukoni, mpira ukaanguka chini. Ishirini na moja kwa ishirini.

Sasa hakuna aliyepumua. Mpira ukaenda, ukarudi, ukaenda, ukarudi, mara kumi, mara kumi na tano. Naelijwa akapiga mbali, mbali mno. Mpira ukapita ukingo wa meza upande wa Hatujuani, ukaanguka sakafuni.

"Nje!" akasema Mama Semboja. "Ishirini na moja kila mmoja!"

Naelijwa akafumba macho. Lakini Hatujuani aliinua mkono.

"Mama refa, mpira umegusa."

"Mimi sikuona ukigusa."

"Wewe umekaa kule. Mimi niko hapa. Umegusa ukingo, nimeusikia. Pointi ni yake."

Ukumbi ukalipuka. Naelijwa alibebwa juu, akashushwa, akabebwa tena. Alikuwa anacheka na machozi yanamtoka, hajui ashike nini, raketi au kichwa chake. Bingwa! Alitaka siku ile isimalizike kamwe.

Mama Semboja akagonga meza. "Naelijwa, taja jina."

Hapo ndipo kicheko kilipomkatika.

Fundi Mchome akasimama, mafuta ya mashine bado vidoleni. "Mwanangu, sikulazimishi. Lakini watu na wajue. Nilikuokota ukiwa unapiga kuta. Ile pointi ya kwanza iliyokuokoa, mkono wa Hatujuani ulitaka kukudanganya, sikio halikukudanganya. Sikio lile nani alilifungua? Bila mimi usingefika hata kwa kumi."

"Kweli!" wakasema watu wa karakana.

Watu wakamsukuma Kiende mbele. Akasema kwa sauti ndogo, "Mimi sijui mpira."

"Tumeona kifuniko!" mmoja akadakia, watu wakacheka.

Kiende akainua uso. "Ndiyo, kifuniko. Fundi, nakuheshimu. Ulimpa sikio, halafu sikio likatundikwa msumarini mwaka mzima. Hukuja kulitundua. Nililitundua mimi. Nilifungua sanduku langu, na nafasi yangu ikachukuliwa. Sijutii. Ila ile pointi ya pili alifikishwa na miguu, na miguu ile imekimbizwa na mipira yangu mibaya. Bila mimi leo angekuwa pale dirishani, anatazama kama ninyi."

"Kweli!" wakasema akina mama, na wengine wakajipangusa macho.

Hatujuani akaweka raketi mezani. "Na mimi nataka."

"Aliyefungwa!" watu wakaguna. "Aliyefungwa anadai kombe!"

"Desturi inasema mtu ambaye bila yeye bingwa asingeshinda. Imesema awe rafiki? Fundi, wewe ulimfundisha sikio kwa sababu ya mkono wangu. Kiende, ni kweli wifi yako alitundika raketi, lakini aliyemkosesha raha ni nani, kama si mimi? Nilimwambia mahali nyumba yake ilipo wazi. Kwa mdomo mbaya, nakubali, lakini nilimwambia, na pointi ya tatu kanipiga palepale. Na ya mwisho? Refa hakuona. Hakuna aliyeona. Ningenyamaza, tungekuwa bado tunacheza, na huenda mimi ndiye ningekuwa nabebwa."

"Ulisema ukweli tu," akasema Fundi. "Ukweli ni wajibu. Nani hupewa kombe kwa kutokuiba?"

"Na wewe ulikaa nyuma ya shuka Jumamosi," akajibu Hatujuani. "Jumamosi inarudi kila wiki. Mimi nimetoa ubingwa."

"Na mimi je?" akasema Kiende. "Tanga yangu inarudi lini?"

Hapo wote watatu wakamtazama Naelijwa.

Naelijwa alimtazama Fundi, akaona mzee aliyemwita mwanangu kabla hajashinda hata mchezo mmoja. Akamtazama Kiende, akamwona mtoto wake amelala kwenye mgongo ule. Akamtazama Hatujuani, na kwa mara ya kwanza tangu amjue, akaona midomo yake inatetemeka.

"Mama refa," akanong'ona, "nikitaja watatu?"

"Hutaandikwa. Ni kama hatukucheza."

"Nikijitaja mwenyewe?"

"Ulijifundisha nyuma ya shuka, ukajipigia mipira kwa kifuniko, ukajipa pointi?" Mama Semboja akauinua mpira mdogo mweupe juu ya meza. "Nauachia. Ukitulia kudunda na wewe hujasema, kombe linarudi kabatini."

Akauachia.

Tok. Ukumbi mzima ukajisogeza mbele.

Tok. Naelijwa akafungua mdomo.

Tok, tok, tok, na kila mruko mfupi kuliko uliopita.

Nanyi mlionisikiliza, msinitazame mimi. Mpira unadunda, na jina ni moja tu. Aliyempa masikio, aliyempa miguu, na aliyempa ile pointi ya mwisho: je, nani alistahili kombe la Kwemkole?