Bakora ya Mwinyi Hatibu

Mbeyu alikuwa amefua kisu chake cha kwanza, lakini hakikuwa na mpini, na mwalimu wake mhunzi alikwisha kuapa kumfukuza asipokikamilisha jioni hiyo. Mpingo wa kuchongea mpini alikuwa nao tajiri Mwinyi Hatibu peke yake, basi Mbeyu akamwendea barazani kumwomba.

"Sikupi hata kijiti!" Mwinyi alifoka, akigonga bakora yake ya mpingo.

"Haya, Mwinyi. Ila mbona bakora imekupita kiuno? Mwaka jana ilikomea kiunoni."

Mwinyi alishtuka. "Ninafupika?"

"Ndio uzee huo. Lakini dawa ninaijua."

"Ipike upesi, mwanangu!"

"Haipikwi. Inakatwa."

Mbeyu akaikata bakora shibiri moja. Mwinyi akaishika, ikamkomea kiunoni, akacheka.

"Nimerefuka! Nikulipe nini?"

"Hakuna malipo. Nitazoa kipande hiki tu, nisikuachie taka barazani."