Makaa Juu ya Kifuniko

Akina mama mlio nyuma ya pazia hapa msikitini, leo mfano wangu unatoka jikoni. Nikikosea kipimo, mnisamehe.

Palikuwa na mama mmoja, fundi hasa wa mkate wa mchele. Mkate wake uliiva mwekundu juu, maana alijua kuupalia makaa kwenye kifuniko: moto chini, moto juu. Mwanawe akaenda kusoma Malesia, akarudi na mke wa huko. Basi! Kila jirani aliyeingia alisimuliwa: mkwe hajui kukuna nazi, mkwe hajui hiki, hajui kile. Mwanawe naye akajazwa maneno kila siku, hata akaanza kumkaripia mkewe. Binti wa watu akaanza kukunja nguo zake arudi kwao.

Kabla ya kuondoka aliomba jambo moja tu, siku ya Idi awapikie wageni kitamutamu cha kwao. Ni unga wa mchele, tui na sukari, hupikwa kwa mvuke tabaka juu ya tabaka. La chini la kijani, lenye majani ya harufu aliyotumiwa na mamake. Likishashika, ndipo humiminwa jeupe la tui. Akamimina la kijani, akafunga kifuniko kwa kitambaa ili matone ya mvuke yasidondoke ndani, akaenda kuswali adhuhuri.

Mama akachungulia. Kitu kimelala tu, hakina wekundu! Na hapa tumtendee haki, safari hii hakuwa na nia mbaya. Wageni wako njiani, akaona aibu ya mkwe itakuwa yake pia. Akachota makaa, akayapanga juu ya kifuniko kama alivyozoea. Kitambaa kikashika moto, majivu yakaingia chakulani.

Binti akarudi, akakuta moshi. Kiswahili chake kilikuwa cha jikoni, maneno aliyookota kwa mama huyo huyo. Akauliza polepole:

"Mama, umenipalia makaa?"

Yeye aliuliza habari ya kifuniko. Lakini nyinyi mnakijua Kiswahili. Kumpalia mtu makaa ni nini? Si kumchongea? Mama akazisikia maana zote mbili kwa mpigo mmoja. Akakaa chini akalia.

"Ndiyo, mwanangu. Tangu siku uliyoingia nyumba hii. Nisamehe."

Binti akachukua kisu, akakwangua palipoingia majivu, akampa mama bakuli la tui.

"Bado tabaka la juu," akasema. "Mimina wewe."

Wageni walikula, wakalamba vidole. Lakini mama hakungoja sifa. Alimwita mwanawe mbele ya mkwe, akayakanusha maneno yake moja baada ya jingine, na uso ukimwiva kwa haya. Binti alibaki.

Na sisi je? Wangapi tumewapalia wenzetu, tukaita nasaha? Kuna mtu anaiva taratibu kwa rehema ya Mola wake, wewe unamlaumu kwa kuwa hana rangi unayoitaka. Mwache aive. Na kama makaa umeshayaweka, usingoje yazimike yenyewe. Yaondoe kwa mkono wako, hata yakuunguze.

Leo tukishatoa salamu, ndugu yangu, usikimbilie pilau. Mpitie kwanza yule uliyemchongea.